Kutabara: Neno Lililonishinda Igurwa

Vijana wa ofisi ya baraza, mmeniomba niandike niliyoyapitia kazini, ili nanyi mnaoshika kalamu leo mpate la kujifunza. Nimekubali, ila kwa masharti yangu. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, wala nilikuwa napokea nini mwisho wa mwezi. Hayo yamo kwenye faili, anayeyataka akayachimbue huko, vumbi lipo la kumtosha. Nitaandika juu ya kazi yenyewe: kumsikiliza mtu kwa lugha moja na kumsemea kwa lugha nyingine, mbele ya mkubwa atakayeamua maisha yake kwa kuutegemea ulimi wako. Na kwa kuwa mmetaka ukweli, nitaeleza pia habari ya neno moja ambalo nililitafsiri vibaya, na mtu akahukumiwa kurudishwa vitani kwa sababu yangu. Najua hamkuniomba hilo. Lakini hilo ndilo lenye faida kwenu kuliko mengine yote.

Nilianza kazi miaka ya ishirini. Siku ya kwanza nilitoka kwetu Kihanga kwa miguu, nimevaa kanzu ya kuazima, viatu nimevishika mkononi ili visichakae kabla mkubwa hajaviona. Karani mkuu alikuwa Mzee Kamugisha, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka ila anayejua kuchekesha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, akanisukumia kalamu ya kuchovya na karatasi, akaniambia niandike jina langu bila kudondosha wino. Nikadondosha. Akatazama lile doa, akasema niandike na la baba yangu, labda yeye ana bahati kuliko mimi. Likadondoka la pili. Akaniajiri hivyo hivyo, akisema kwamba angalau nimedondosha mahali pamoja, hiyo ni dalili ya mtu mwenye utaratibu.

Kamugisha ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kukaa mkono wa kushoto wa Bwana Shauri, yule ofisa Mwingereza aliyekuwa akija kutoka Bukoba kusikiliza kesi zilizoshindikana kwenye baraza la chifu. Alinifunza kukausha wino kwa kikausho bila kuuburuza, na kugonga mhuri mara moja tu, maana mhuri uliogongwa mara mbili unaonekana kama wa mtu mwenye wasiwasi. Zaidi ya yote alinifunza kwamba mkalimani hana ulimi wake mwenyewe. Usiseme "anasema kwamba aliiba." Sema "niliiba." Uwe yeye. Basi siku yangu ya kwanza kusimama barazani nilikiri kuiba mbuzi, kumpiga shemeji yangu na kutoroka kazi ya barabara, vyote kabla ya chakula cha mchana. Nilirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyefungwa kweli.

Na alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, lakini ole wako uivunje: kitabu cha kesi ni cha Kiswahili safi. Runyambo letu liishie mlangoni, Kihaya kiishie mlangoni, lugha ya mshitakiwa iishie kinywani mwake. Alisema mkubwa anayesoma kitabu kule Bukoba hawezi kuanza kukisia vilugha vyetu. Sote tuliona ni sheria nzuri. Niliifuata miaka yote, na baadaye niliwafunza wengine. Baadhi yao ni ninyi.

Msidhani kazi ile ilikuwa ya majonzi tu. Nakumbuka kesi ya mpaka kule Kanoni, ndugu wawili wanagombania mstari wa migomba na mibuni michache. Bwana Shauri wa wakati huo alikuwa mgeni kabisa, amekuja juzi. Akauliza ni nani aliyeamua mpaka huo tangu zamani. Mdai akanyoosha kidole, akajibu, "Omulamula." Nikatafsiri upesi, "Mwamuzi, Bwana." Yule Mzungu akageuka, akatafuta mwamuzi. Hakuna mtu, kuna mgomba na mbuzi. Akaniuliza mwamuzi yuko wapi, nikamwonesha ule mmea mwembamba wa mpakani, ambao kwa lugha yetu jina lake ni hilo hilo la mwamuzi kwa sababu ukishapandwa hakuna tena ubishi. Wazee wa baraza walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Bwana Shauri naye akacheka, akaandika kwamba shahidi muhimu katika kesi hii ni mti. Hayo ndiyo makosa niliyoyazoea. Ukikosea, watu wanacheka, mnaendelea.

Mawakili hatukuwa nao. Hili vijana wa leo hamlielewi vizuri. Katika mabaraza yetu wakili hakuruhusiwa kuingia. Ilisemekana kwamba mtu wetu anajua kujieleza mwenyewe, na kwamba wakili angemharibia kwa maneno mengi. Nilifanya kazi zaidi ya miaka thelathini nikijua mawakili kwa sifa tu, kwamba wako Bukoba mjini, wanavaa tai na kubishana kwa adabu. Kwa hiyo mshitakiwa mbele yetu alikuwa na watu wawili tu wa kumsaidia: Mungu wake na mkalimani. Sikulifikiria hilo kwa uzito unaostahili. Nililichukulia kama heshima.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa nimebakiza miezi michache nistaafu, nchi ya ng'ambo ya mto Kagera ikawaka moto. Watu wa kilima kimoja, waliokunywa pombe pamoja na kuzikana, wakageukiana. Wako waliosimama upande wa mwami, mfalme wao, wako waliosimama upande wa waliotaka utawala mpya, na wengi hawakusimama upande wowote, walikuwa na nyumba inayoungua tu. Wakavuka mto kuja kwetu. Walivuka kwa mitumbwi, wengine na ng'ombe wakiogelea pembeni, wengine na mkeka na mtoto. Wafugaji wa huku waliwaonesha malisho, wakulima wakawakatia ndizi. Kuna wimbo mmoja wa kanisani ambao hadi leo siwezi kuuimba, kwa sababu waliuimba wakishuka mtumbwini huku wanatetemeka.

Bwana Shauri wa wakati huo alikuwa mtu mzima, mtaratibu, na sitamsema vibaya. Alipewa kazi ya kuwahoji wale wakimbizi mmoja mmoja. Aliyekimbia vita abaki. Aliyeua halafu akakimbia, arudishwe ng'ambo akahukumiwe. Kazi yote ilikuwa juu ya maneno hayo mawili, abaki au arudishwe. Akapewa darasa la shule ya misheni Igurwa, wazee wawili wa baraza wakae naye, akaniita.

"Karani," akaniuliza, "Kinyarwanda unakijua?"

"Nakijua, Bwana," nikamjibu.

Jamani, nani katika Karagwe angejibu vingine? Tunapakana nao, tumeoana nao, tumenunua ng'ombe wao na wao wetu. Wakiongea tunasikia, tukiongea wanasikia. Lakini Kinyarwanda changu kilikuwa cha mnadani: huyu ng'ombe ana miaka mingapi, punguza, nenda salama. Sikuwahi kumsikia mtu akililia nyumba yake kwa Kinyarwanda. Nilikuwa na sifa ya miaka thelathini mgongoni, na mtu mwenye sifa hapendi kusema sijui. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lile la pili lilizaliwa humo.

Foleni ilikuwa ndefu kila siku. Katika foleni hiyo akaja mtu anaitwa Gasana, wa miaka thelathini hivi, mkulima, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa kwa ajili ya moto. Aliulizwa jina, kilima, wazazi. Kisha Bwana Shauri akauliza swali aliloliuliza kila mtu: siku nyumba zilipochomwa kilimani kwenu, wewe ulifanya nini? Gasana akajibu kwa neno moja, "Naratabaye." Nilitabara.

Kwetu sisi Wanyambo kutabara ni kwenda vitani. Ni kuwavamia watu, kuwapiga, kurudi na ng'ombe wao. Wazee wetu wakihadithia mashambulizi ya zamani ndilo neno wanalolitumia, na wakilitumia hukaa wima kidogo. Niliposikia hivyo nilimwangalia yule mtu, nikaona mkono umeungua, nikasema moyoni kwamba kumbe na huyu ni mmoja wao. Nikawa yeye, kama nilivyofunzwa. Nikasema, "Nilikwenda kuvamia." Bwana Shauri akaandika, mimi nikaandika kwenye kitabu changu kwa Kiswahili safi, na wa nyuma yake akaitwa.

Baada ya siku chache ikaja barua kutoka ng'ambo. Ilimtaka Gasana arudishwe kwa kuwa alionekana na mkuki kwenye nyumba ya jirani yake, na jirani huyo alikutwa amekufa ndani. Bwana Shauri alifungua kitabu, akasoma maneno niliyoyatoa mimi, akafunga. Akatoa amri kwamba baada ya siku tatu Gasana apelekwe kwenye kivuko, akabidhiwe. Gasana alipoelezwa alikaa chini kwenye sakafu ya darasa. Sote tulijua maana ya kukabidhiwa siku zile. Waliokuwa wakipokea watu upande wa pili hawakuwa na jela.

Padri wa misheni ndiye aliyekataa kukubali. Alituma mtu Bukoba kwa baiskeli, na siku ya tatu asubuhi, kabla Gasana hajatolewa, likafika gari lenye matope mpaka kwenye kioo. Akashuka wakili, Mhindi mzaliwa wa Bukoba, Bwana Ratilal, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilitegemea mtu wa majivuno. Akanipa mkono, akasema, "Shikamoo, mzee. Wewe ndiyo mdomo ya watu hapa, siyo?" Nikamwitikia marahaba, na nikakubali kwamba ndiyo, ni mimi. Pale hapakuwa baraza la chifu, palikuwa mbele ya ofisa wa serikali, kwa hiyo aliruhusiwa kusema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona wakili kazini.

Alianza na ile barua. Aliomba aione, akaitazama mbele na nyuma, akauliza aliyetia sahihi ni nani. Akajibiwa ni chifu wa upande ule. Akauliza amewekwa na nani. Bwana Shauri hakujua vizuri. Kilichojulikana ni kwamba chifu wa zamani alifukuzwa siku chache zilizopita, na huyu amekalia kiti kile kwa nguvu ya wenye mikuki, na mwami kule juu hamtambui, na wazungu wa upande ule hawajasema lolote. Wakili akavua miwani.

"Mheshimiwa," akasema, nami hapa nakinyoosha Kiswahili chake, "mtu harudishwi kwa nchi. Anarudishwa kwa sheria. Nioneshe mahakama moja tu itakayompokea mtu huyu, iwe na hakimu na iwe na mlango, nami nitakaa chini."

Akaendelea kueleza habari ya katiba. Alisema nchi ikipigana yenyewe kwa yenyewe, kitu cha kwanza kufa si watu, ni ule uhakika wa nani ana haki ya kuamuru. Na uhakika huo ukifa, kila mwenye kalamu anaweza kuandika barua ya kumtaka mtu. Wazee wawili wa baraza waliokaa pembeni wakaniashiria niwaeleze, maana Kiswahili cha Bwana Ratilal kilikuwa kinakimbia bila viatu. Nikakwama. Runyambo halikuwa na neno la katiba. Nikawaambia ni makubaliano ya watu wote juu ya nani anaweza kumwamuru nani, na amri yake iishie wapi. Mmoja wao, mfugaji, akafikiri, akasema, "Kumbe ni omulamula wa wakubwa." Nikamtafsiria wakili, na ikabidi nimweleze mmea wenyewe. Alifurahi sana, akaandika kwenye karatasi yake. Nami nikajiona mtu wa maana. Nawaambia haya ili mjue nilikuwa katika hali gani dakika chache kabla sijaumbuka.

Bwana Shauri alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akasema hoja ni nzuri na ataiandika neno kwa neno. Lakini serikali ya ng'ambo iwe moja au ziwe mbili, mtu huyu amekiri kwa kinywa chake kwamba alikwenda kuvamia, na mtu amekufa. Yeye hawezi kumficha mwuaji kwa sababu ya kasoro ya sahihi. Nikaona mabega ya padri yakishuka. Gasana alikuwa akiwaangalia wote kwa zamu, hajui kinachosemwa, anajaribu kusoma nyuso. Gari la kumpeleka kivukoni lilikuwa nje, tarishi ameshaegemea mlango wake.

Wakili akaomba jambo moja la mwisho. Akaomba mshitakiwa aulizwe tena lile swali, polepole, na aachiwe aseme mpaka amalize. Bwana Shauri akakubali. Nikamgeukia Gasana nikamuuliza siku ile alifanya nini. Akajibu vilevile, kwamba alitabara. Nikafungua mdomo nitafsiri, lakini yeye hakunyamaza, maana sasa ameachiwa nafasi. Akasema, na nayaweka hapa kwa Kiswahili isipokuwa neno lenyewe: "Mama yangu alipofariki, jirani yule alitabara. Mke wake alitabara. Walikaa kwangu siku nne. Nyumba yake ilipowaka nikasikia yowe, ningeachaje kutabara?"

Nilisimama pale mdomo wazi. Mtu na mke wake wanakwenda kuvamia matanga? Wanavamia kwa siku nne? Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeiba, kutabara ni kufanya nini. Akanitazama kwa mshangao, mtu mzima na kanzu yake safi anauliza swali la mtoto. Akaniambia kutabara ni kwenda kwa mwenzako aliyepatwa. Akipiga yowe, unakwenda. Akifiwa, unakwenda kumzika. Ukienda na mkuki ni kwa sababu hujui aliyemshambulia bado yupo. Alikuta jirani ameshakufa, akaingia motoni akatoa watoto wawili. Akanionesha ule mkono.

Ndani ya darasa lile hakuna mwingine aliyeelewa. Bwana Shauri hakuelewa, wakili na padri hawakuelewa, wazee walikuwa mbali, walilidaka lile neno tu kama nilivyolidaka mimi siku ile ya kwanza. Nataka mlijue hili vizuri. Ningeweza kusema, "Bwana, amerudia yale yale." Ningestaafu na sifa zangu, na barua nzuri, na watu wangenisindikiza mpaka Kihanga. Wazo hilo lilinipitia. Sitawadanganya kwamba halikunipitia. Lilikaa kichwani kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

"Bwana," nikasema, "mwenye kosa hapa ni mimi. Mtu huyu hakukiri. Alisema alikwenda kuokoa."

Nikaeleza neno lile kwetu lina maana gani na kwao lina maana gani. Uso wa Bwana Shauri ukawa mwekundu. Akaniuliza nimefanya kazi hii miaka mingapi. Nikamwambia. Akasema basi miaka yote hiyo sikuona haja ya kumwambia kwamba lugha hii siijui. Ni aibu kubwa kukemewa uzeeni mbele ya watu waliozoea kukuita Bwana Karani, lakini nilistahili, na nilisimama wima nikaipokea. Akamwita mwanamke mmoja mkimbizi aliyesoma kidogo Kiswahili misheni, akamuuliza neno lile peke yake, bila mimi kusema. Akajibu kama alivyojibu Gasana. Amri ikafutwa pale pale. Gasana akabaki. Padri alilia waziwazi, na wakili akaenda dirishani akasimama amekipa chumba mgongo.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimekosea, nimeungama, mtu amepona. Nilianza kujisikia nafuu, hata kujisifu kidogo, maana binadamu hakosi majivuno. Watu walipotoka, Bwana Ratilal akawa anafunga mkoba wake. Akaniuliza bila kuinua kichwa, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

"Mzee, hii neno umetafsiri mara ngapi?"

Nikakifungua kitabu. Nilikuwa nakumbuka jina kabla sijafika kwenye ukurasa, ila nilifunua polepole, nikitumaini kwamba kumbukumbu yangu imechanganya. Haikuchanganya. Wiki mbili kabla ya Gasana alikuja mzee mmoja, Sebahire, mwenye fimbo na mke. Hakuwa na wakili. Padri alikuwa safarini. Aliulizwa siku ile alifanya nini, na kitabu kinasema alijibu, "Nilikwenda kuvamia nyumba ya jirani." Barua ikaja, amri ikatolewa, na asubuhi moja akapelekwa kwenye kivuko akakabidhiwa. Chini ya ukurasa kuna sahihi yangu ya shahidi, na mhuri uliogongwa mara moja tu, vizuri sana.

Nilimpelekea Bwana Shauri kile kitabu. Alisoma, akakaa. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Siku ile ile aliandika barua kumtaka mzee arudishwe, na wakili akaisaidia kwa maneno ya kisheria. Tarishi akavuka nayo. Akarudi nayo kesho yake, bado imefungwa. Alisema alikoipeleka hakuna ofisi, kuna vijana wenye silaha wamekaa kwenye viti vya shule, na kila mmoja alidai yeye ndiye mkubwa, na hakuna aliyetaka kuipokea. Kuhusu mzee walimwambia asiulize. Kumbe wakili alikuwa amesema kweli kupita alivyojua. Hapakuwa na mahakama. Tulimkabidhi mtu kwa hewa.

Mwezi wangu wa mwisho kazini niliomba mambo mawili, na Bwana Shauri alikubali yote. La kwanza, yule mwanamke wa misheni akae karibu nami, na nikikosea aniguse mkono. Alinigusa mara nyingi kuliko nilivyopenda. La pili, nilivunja sheria ya Mzee Kamugisha, Mungu amrehemu. Niliandika kwanza neno la mtu kama alivyolisema, kwa lugha yake, hata kama ni lugha ya kunishinda, kisha chini yake ndiyo Kiswahili. Ninyi mnaolalamika kwamba kitabu cha siku hizi kinakula wino mara mbili, sababu ni hiyo. Kiacheni kiendelee kuula. Na mkiulizwa kama mnajua lugha fulani, na hamkuzaliwa nayo, jibuni kwamba mnaijua nusu. Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa neno nusu.

Lakini kabla ya mwezi huo kwisha kulikuwa na mtu mmoja ambaye ilibidi nimwone. Mke wa Sebahire aliitwa Nyirabagenzi. Familia moja ya Igurwa ilikuwa imempa kibanda nyuma ya migomba. Nilikwenda mchana, kitabu kwapani, kinyume cha kanuni, maana kitabu hakitoki ofisini. Nilimkuta anapepeta maharage ya watu. Nikamwamkia, nikakaa chini kabla hajanikaribisha. Nikamwambia yote, kwa Kinyarwanda changu cha mnadani, nikisaidiwa na yule mwanamke wa misheni. Nilimwambia mumewe hakurudishwa kwa kosa lake, bali kwa langu. Nikamwambia najuta, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa kazi hiyo.

Hakulia. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono. Akauliza kama kitabu kile ndicho chenye maneno ya mumewe. Nikamjibu ndicho. Akaniomba nimsomee, nimsomee yote alivyosema siku ile, kwa sababu yeye alikuwa amebaki nje ya darasa na hakumsikia, na tangu hapo hakumsikia tena. Nikafungua ukurasa. Nikasoma jina, kilima, wazazi. Nikafika pale. Nikasoma, "Nilikwenda kuvamia nyumba ya jirani." Yule mwenzangu akamtafsiria kwa sauti ndogo.

"Hayo ni maneno yako, karani," akasema Nyirabagenzi. "Ya kwake yako wapi?"

Nikafunua ukurasa uliofuata, kana kwamba ningeyakuta huko.